Vidonge Katika Mfuko wa Kanzu

Baba yangu alikuwa na miaka sabini na mbili alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana presha, na siku hiyo hakuwa amekwenda hospitali kwa ajili ya presha. Alikwenda kupimwa macho. Alikuwa analalamika kwamba herufi za msahafu zimeanza kucheza, nami nikamwambia ni suala la miwani tu. Tukapatana tukutane kwenye geti la hospitali. Mimi nilitokea shuleni kwangu Gungu kwa bodaboda, yeye alitembea kutoka Ujiji, maana pikipiki hakuzipenda.

Muuguzi aliyekuwa anapima kila mtu anayeingia alimfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama mashine, akakifungua, akakifunga mkono wa pili. Kisha akaenda kuleta mashine nyingine.

"Mzee, umekujaje hapa?" akamwuliza.

"Kwa miguu."

"Kutoka wapi?"

"Ujiji."

Muuguzi akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtembeza. Macho hayakupimwa siku ile. Baba alilazwa kitandani, wakambandika nyaya kifuani na miguuni, na mashine ikatoa karatasi ndefu yenye michoro. Daktari, kijana aliyeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka ya mwanzo, alinionyesha ile karatasi. Alisema vilele vile vilitakiwa viachane sawasawa, lakini vya mzee vingine vimebanana, vingine vimeachana mbali.

"Moyo wake unapiga haraka, tena bila mpangilio," alisema. "Na presha iko juu sana."

"Kwa hiyo ana ugonjwa mmoja au miwili?"

"Miwili, ila inakwenda pamoja."

Niliitikia kama mtu aliyeelewa. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuwatambua watoto wanaoitikia bila kuelewa, na siku ile nilijijua kabisa kwamba mimi ni mmoja wao.

Tulitoka na dawa za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa atenolol, kidonge cheupe cha duara, kimoja kila asubuhi. Mfamasia alieleza kwamba hiyo inautuliza moyo usikimbie, na papo hapo inashusha presha. Ya pili ilikuwa ya kulegeza mishipa ya damu, nayo ni kimoja kila jioni. Chumvi ipunguzwe. Asiache dawa hata akijisikia vizuri.

"Lakini mimi najisikia vizuri," alisema baba.

"Ndiyo maana nakwambia, mzee," alisema mfamasia.

Tulikuwa tunaishi wawili tu. Baba alikuwa fundi wa mabehewa ya reli pale stesheni ya Kigoma mpaka alipostaafu, na nyumba yetu ya Ujiji aliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja. Mama alikuwa ameshafariki. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi pale, na kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, jina la baba liliingia kwenye bima yangu ya afya. Kwa hiyo dawa zake zilitoka kwa kadi yangu, na nadhani ndiyo sababu niliziona kama dawa zangu. Nilizipanga kwenye kopo la kahawa, nikaandika kwenye kipande cha daftari: asubuhi nyeupe, jioni ya njano. Kila siku kabla ya kwenda shuleni nilimwachia kidonge chake kwenye kisahani, pembeni ya chai.

Majirani nao walikuwa na yao. Mmoja aliniuliza kama presha ya baba ni ya kupanda au ya kushuka, na nilipojibu ya kupanda akaniambia nimpe kitunguu saumu, punje tatu asubuhi. Mwingine akasema hapana, ni mlonge. Shangazi yangu wa Mwandiga alituma chupa ya juisi ya rosela kwa mtu wa basi, na maagizo kwamba asinywe pamoja na dawa za hospitali kwa sababu zitagombana. Miguu ya baba ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Nilidhani ni moyo. Kliniki wakaniambia inaweza kuwa ni ile dawa ya njano. Sasa nitajuaje, nikauliza, kama kinachomvimbisha ni ugonjwa au ni dawa ya ugonjwa? Muuguzi alicheka kwa wema, akasema ndiyo maana tunarudi kila mwezi.

Nyuma ya ua wetu wa minyaa aliishi mama mmoja mzee, mjane, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo na wazazi wake akiwa msichana, na hakurudi tena. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, sisi Waislamu, lakini kuna mahali ile minyaa ilikuwa imeachwa wazi upana wa mtu, na hapo ndipo alipopita. Alikuja na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao kilichopikwa kwa mawese, akaliweka, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko. Baba alikaa kwenye kiti chake. Walizungumza mambo ya zamani, meli, watu waliokufa, bei ya samaki wa migebuka ya wakati ule. Alimwita baba "yaya", kama watu wa kwao wanavyomwita kaka au dada mkubwa. Mimi aliniita "mutoto wangu". Nilikuwa nampenda, kwa namna ya mtu anayempenda jirani ambaye hajawahi kumfikiria sana.

Mwezi wa pili presha ya baba ilikuwa imeshuka vizuri. Mwezi wa nne ilikuwa imepanda tena, na moyo ulikuwa unakimbia kama siku ya kwanza.

"Dawa anameza?" aliuliza daktari.

"Anameza," nilisema mimi.

"Namuuliza mzee."

"Nameza," alisema baba.

Daktari akaandika atenolol viwili badala ya kimoja. Tukarudi nyumbani. Mwezi uliofuata hali ilikuwa ileile. Nilimshutumu baba kwa sababu ya dagaa. Yeye hali ugali bila dagaa, na dagaa wa kukaangwa anawataka na chumvi. Nikaanza kuwachemsha bila chumvi kabisa, akawa anakula huku anatazama pembeni kama mtu aliyedhulumiwa, nami nikajiona mkatili. Safari nyingine daktari akaongeza dawa ya tatu, kidonge kidogo kuliko vyote, cha kupunguza kasi ya mapigo. Mfamasia alinionya kwamba hicho hakizidishwi hata nusu.

"Kwa nini kwake hazifanyi kazi?" nilimwuliza daktari.

"Miili inatofautiana, mwalimu."

Niliondoka na jibu hilo, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba si jibu.

Ikawa Jumamosi moja, nafua. Kanzu ya baba ya Ijumaa nilikuwa nimeshaitumbukiza kwenye beseni ndipo nilipohisi kitu mfukoni. Nilitoa kikaratasi kilichokunjwa vizuri, kimeshalowa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vinne vyeupe na viwili vya njano, vimeanza kuyeyuka na kushikamana.

Nilibaki nimechuchumaa na mikono ina povu. Nilichokiona akilini ni miezi yote ile: chumvi niliyomnyima, dozi zilizoongezwa, daktari akikuna kichwa. Na muda wote mzee alikuwa anazitia mfukoni.

Nilimfuata barazani.

"Baba, hizi ni nini?"

Alizitazama kwenye kiganja changu. "Dawa."

"Zimefikaje mfukoni?"

"Nilisahau."

"Ulisahau vidonge sita?"

Alitazama upande wa ua, akakohoa, akaniuliza kama kanzu imeharibika. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimwuliza kama anataka kufa aniache peke yangu. Nilimwambia nachoka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Basi, mwanangu. Basi." Nilichukua ile "basi" kuwa amekiri.

Kuanzia kesho yake nilimsimamia. Asubuhi nilikaa mbele yake, nikampa vidonge viwili vyeupe na kile kidogo, mkononi, kimoja kimoja. Alisema bismillahi, akameza, akanywa maji. Kisha nikamwambia afungue mdomo.

Aliponitazama nilitamani ardhi inimeze, lakini sikurudi nyuma. Alifungua. Nikamwambia anyanyue ulimi. Akanyanyua. Meno yake ya chini yalikuwa yamebaki matano. Mimi sikuwa nimewahi kutazama ndani ya kinywa cha baba yangu.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Nataka upone."

Siku tatu za mwanzo nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilimpeleka dukani kwa mfamasia wa karibu akampime, na presha ilikuwa imeshuka kuliko wakati wowote. Nikajisifu moyoni. Siku ya tano baba alisema anasikia baridi, na jua la Ujiji lilikuwa kali. Nikampa shuka. Siku ya sita alikataa kula. Siku ya saba nilimkuta amekaa amevaa koti la zamani la kazini, akaniuliza kama gari la mizigo limeshaingia kutoka Tabora.

"Baba, umestaafu."

"Najua nimestaafu," alisema kwa hasira. Baada ya muda kidogo akaniita kwa jina la marehemu mama, akaniambia nimpelekee yule dawa zake.

"Nimpelekee nani?"

"Dawa zake. Atazingoja."

Nilidhani anaota macho wazi. Nikajiambia ni presha imepanda kichwani, watu husema hivyo, kwamba ikipanda mtu huanza kusema ovyo. Na kwa kuwa niliamini imepanda, nilihakikisha dawa zote anameza. Kesho yake pia. Kila nilipomwona anazidi kulegea, nilizidi kuwa mwangalifu asikose hata kimoja.

Jambo moja nililiona wiki ile bila kulitilia maanani: jirani yetu hakupita kwenye minyaa. Bakuli lake la sombe lilikuwa kwetu, limeoshwa, limegeuzwa juu ya kabati, na hakuja kulichukua.

Asubuhi ya siku ya tisa nilikuwa najiandaa kwenda shuleni nikasikia ndoo inabingirika uani. Baba alikuwa anataka kutawadha. Nilimkuta ameanguka ubavu, kanzu imelowa, macho yamefumbuka lakini hayanioni. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Mimi na dereva wa bajaji tulimbeba. Njia nzima nilikuwa namtikisa nikimwambia asilale, na yeye, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya blanketi, alirudia, "Anazingoja. Anazingoja."

Hospitali walimpokea haraka. Walimbandika nyaya. Nilikuwa nimejiandaa kusikia namba kubwa, na nikamsikia muuguzi akimwambia mwenzake, "Thelathini na nane."

"Presha?" niliuliza.

"Mapigo," alisema. "Kwa dakika."

Wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu. Daktari wetu wa kliniki akaitwa. Alinikuta ukutani nimekumbatia mfuko wa dawa.

"Mwalimu, hizi amekuwa akimeza zote?"

"Zote. Namsimamia mwenyewe. Nahakikisha mpaka chini ya ulimi."

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

"Na kabla ya siku tisa?"

Ndipo nilipomweleza habari ya kanzu. Alivuta kiti akakaa, nikaona jasho kwenye paji lake la uso. Akanieleza taratibu, na safari hii nilielewa kila neno, natamani nisingeelewa. Alisema aliongeza dozi kwa sababu presha haikushuka. Haikushuka kwa sababu baba hakuwa anameza dawa zote. Ile dozi kubwa iliandikwa kwa mtu anayemeza, lakini mtu huyo hakuwapo. Siku nilipoanza kumsimamia, ndipo dozi yote ilipoingia mwilini kwa mara ya kwanza, mbili za kupunguza mapigo kwa pamoja, kwenye moyo wa mzee wa miaka sabini na mitatu.

"Kwa hiyo ni mimi," nilisema.

"Sikusema hivyo."

"Angeendelea kuzificha angekuwa salama?"

"Hapana. Presha ile ingeweza kumpoozesha mkono na mguu, au kumuua."

"Sasa nilitakiwa nifanye nini?"

"Ulipozikuta mfukoni, ungerudi hapa kwanza," alisema. "Lakini na mimi nilitakiwa nikuulize vizuri zaidi."

Hakusema kwa kunilaumu. Nilitamani anilaumu, ningejua pa kushika.

Mchana baba alirudiwa na rangi. Alinitambua, akaniita jina langu. Nilimshika mkono nikaanza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Umempelekea?"

"Baba, nani?"

Alifumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akamtaja mama wa nyuma ya ua.

Maneno yake yalikuja vipande vipande. Kwamba siku moja, kwenye kile kigoda, yule mama alimwambia moyo wake unamkimbia mpaka anaona giza. Baba akamwuliza unakimbiaje, akaeleza, na ilikuwa vilevile kama wake. Kwamba aliwahi kupimwa zamani, akaambiwa presha, akapewa dawa za mwezi mmoja, zikaisha. Baba akampa kidonge cheupe kimoja ajaribu, na mama akalala usingizi mzuri. Kesho yake akampa kingine. Kwanza waligawana siku, leo wewe, kesho mimi. Dozi ilipoongezwa kuwa viwili, baba alishukuru Mungu, maana sasa vilitosha wote wawili. Cha njano waliendelea kupokezana, na siku mama alipozidiwa baba alimpa vyeupe vyote. Ile siku niliyofua kanzu, vile vidonge sita vilikuwa vya yule mama, vya siku nne, kwa sababu baba alikuwa na safari ya msibani Mwandiga ambayo baadaye ilivunjika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema hapana."

Ni kweli, ningesema.

Niliondoka pale nikiwa nusu nakimbia. Nilipita kwenye minyaa kwa mara ya kwanza tangu nirudi kuishi kwetu. Mlango ulikuwa wazi. Yule mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kiganja juu ya kifua, kitenge kimemlegea mabegani. Jikoni hakukuwa na moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mutoto wangu." Alihema kwanza kabla ya kuendelea. "Yaya amekufa? Musinifiche."

"Hajafa. Yuko hospitali, anaendelea vizuri."

Alianza kulia bila sauti. "Minasema amekufa, ndiyo maana haleti tena. Roho yangu inakimbia. Inakimbia, inasimama, inakimbia. Tangu wiki ile."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

Alinitazama kwa mshangao, kama ndiyo mara ya kwanza kuniona. "Nilikusikia ukimugombeza juu ya dawa," alisema. "Ningekuja kukuambia nini?"

Nilimvika viatu. Bajaji ileile ya asubuhi ilikuwa bado inazunguka mtaani, na dereva hakuuliza kitu. Mapokezi yule muuguzi aliponiona na mzee wa pili kwa siku moja alisimama. Mapigo ya yule mama yalikuwa karibu mara nne ya yale ya baba asubuhi, na presha ilikuwa juu mno. Daktari akaniuliza ni dawa gani alikuwa anatumia. Nikamwambia, ni zilezile za baba, zilizoingia mfukoni. Alifunga macho kidogo, akayafungua. Akasema dawa ile mwili ukishaizoea haikatishwi ghafla, moyo hurudi mbio kuliko mwanzo.

Kwa hiyo siku tisa zile nilikuwa nimefanya kazi mbili bila kujua. Nilimzidishia mmoja, nikamkatishia mwingine. Na ukiniuliza nilikuwa nafanya nini, ningekujibu kwa moyo mweupe kwamba nilikuwa namtunza baba yangu.

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Jina la mgonjwa, umri, ambao mwenyewe alisema haujui vizuri, mtaa. Halafu palikuwa na sehemu ya jina la ndugu wa karibu, na uhusiano. Binti yake mmoja alikuwa amevuka kurudi Kongo, hana simu inayopatikana. Niliandika jina langu. Kwenye uhusiano kalamu ilisimama. Jirani hawakubali kama ndugu, alisema karani. Nilimfikiria akimwita baba kaka, nikahesabu kwamba basi huyo ni shangazi. Kisha nikakumbuka jinsi baba alivyosema "vilitosha wote wawili", na sauti aliyoisemea, nikaona shangazi nalo si neno lenyewe. Karani alikuwa ananisubiri. Nikaandika "mtoto", kwa sababu ndivyo alivyoniita yeye.

Walilazwa siku tano, baba wodi ya wanaume, yeye ya wanawake, kati yao ukumbi na bustani ndogo yenye kamba za kuanikia. Nilikuwa nabeba uji chupa mbili. Baba aliniuliza kila mara hali ya mwenzake, na mwenzake aliniuliza ya baba, na nilipowapelekea habari niligundua kwamba napunguza na kuongeza ili wasihangaike. Siku ya nne baba alitembea mwenyewe mpaka kwenye bustani, mama akaletwa na muuguzi, wakakaa kwenye benchi la saruji. Niliwatazama kutoka mlangoni. Hawakushikana mikono, hawakusogeleana. Baba alikuwa anaeleza kitu kuhusu chakula cha wodini, mama akicheka huku amefunika mdomo kwa kitenge. Nikajiuliza kama marehemu mama yangu alikuwa anajua, kisha nikajiuliza ajue nini, maana mimi mwenyewe sikujua ninachokiuliza.

Baba alitoka na dozi ya mwanzo, kidonge cheupe kimoja na cha njano kimoja. Kile kidogo kiliondolewa. Yule mama alifunguliwa faili lake, akapewa daftari la kliniki lenye jina lake, na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali akaandika karatasi ya kumwezesha kupata dawa kama mzee asiye na msaada. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Kilichokuwa kimekosekana miezi yote ile ni mtu wa kwenda naye na kukaa kwenye foleni.

Sasa nakwenda nao kliniki wote wawili, Jumanne moja kwa mwezi. Mkuu wangu wa shule amenizoea. Kuna miezi presha ya baba inakuwa nzuri na ya mama mbaya, kuna miezi inabadilishana, na daktari wetu siku hizi anauliza maswali mengi: unameza saa ngapi, unameza na nini, ni nani mwingine nyumbani anatumia dawa. Baba anamjibu kwa ufupi. Nadhani hajamsamehe kwa kuniambia mambo mbele yake kama vile yeye hayupo.

Mimi amenisamehe, au hakuona cha kusamehe, sijui. Nilimwuliza mara moja, tukiwa tunachambua dagaa.

"Baba, ile kukufungulisha mdomo."

"Mm."

"Nilikosea."

Aliendelea kuchambua. "Ulikuwa unaogopa," alisema, akaondoa jiwe, akalitupa uani. "Na mimi nilikuwa naogopa. Weka chumvi kidogo leo."

Niliweka kidogo sana.

Simfungulishi tena mdomo. Namwekea kidonge kwenye kisahani, naenda kuvaa viatu, na nikirudi kisahani ni kitupu. Kama amekimeza, kama kimepita kwenye minyaa, sina njia ya kujua, ingawa mama ana vya kwake na hakuna sababu tena. Wakati tunatoka hospitali muuguzi alinifundisha kushika kifundo cha mkono, vidole viwili chini ya kidole gumba, na kuhesabu kwa dakika nzima, si nusu, kwa sababu moyo usio na mpangilio ukiuhesabu nusu dakika unakudanganya. Kwa hiyo jioni nikirudi shuleni nakaa karibu na baba, ananipa mkono bila kuuliza, nami natazama saa. Mapigo yanakuja mawili ya karibu, kimya, moja, kimya kirefu kinachonifanya ninyanyue macho kumtazama, halafu matatu ya mbiombio. Mara nyingi nikifika kwenye hamsini na kitu anaanza kunisimulia jambo, hesabu inanipotea, na inabidi nianze upya.